Naomba ushauri: nianzeje kufuatilia hadithi changa za Shonen Jump?

Ndugu wanachama, naomba mnisaidie. Kila Jumapili saa 12 jioni, Japani ikiwa inaingia Jumatatu, hufungua simu kusoma sura mpya za jarida la Weekly Shonen Jump, jarida la Kijapani la hadithi za katuni (manga). Mwaka 2024 ulinitikisa: My Hero Academia, iliyoanza 2014, ilimalizika mwezi Agosti, na kabla sijalizoea pengo hilo, Jujutsu Kaisen nayo ikafikia ukurasa wake wa mwisho tarehe 30 Septemba.

Sasa naogopa kuzipenda hadithi changa. Wahariri huzingatia kura za wasomaji, ambao huchagua hadithi tatu katika kila toleo, na isiyopata kura za kutosha inaweza kukatishwa hata kabla ya sura ya 20, wahusika wakiwa ndio kwanza wanaanza kuzoeleka. Inaniuma kweli. Kagurabachi, iliyoanza Septemba 2023, imenishika, hasa kurasa zile za mwanzo za kijana na baba yake mfua panga katika karakana yao.

Je, ninyi husubiri hadi sura ya ngapi kabla ya kuiamini hadithi mpya, au huisoma tangu siku ya kwanza ili kura zenu ziisaidie?