Gonjwa likija tena, serikali ianze kufungua nini?

mpwani_halisi:
Habari zenu wadau. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu enzi za korona, nataka tulijadili bila matusi. Serikali ikishafunga nchi, ifungue kwa kufuata nini? Tarehe, hesabu za wagonjwa, ama kelele za wenye biashara? Nauliza kwa sababu huku Kenya 2020 baa ziliruhusiwa mwisho wa Septemba, kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku, halafu shule zikaja kufunguliwa 12 Oktoba na tena ni gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao, wengine wote wakangoja hadi 4 Januari 2021. Yaani mtu mzima yuko baa na mtoto wa darasa la tano yuko nyumbani tangu Machi! Kwangu shule ni ya kwanza, baa ya mwisho. Nyinyi mwaonaje?

nesi_wa_zamu:
Swali zuri sana. Mimi nasema hesabu, lakini hesabu yenyewe iwe ile inayofaa. Watu walikuwa wanasikiliza idadi ya wagonjwa kila jioni wanalinganisha na ya jana basi, hawaangalii waliopimwa ni wangapi. Ukipima watu 1,000 ukapata 100 hiyo ni asilimia 10, ukipima 5,000 ukapata 200 ni asilimia 4, idadi imepanda lakini hali ni nafuu. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, Mei 2020 walisema asilimia ikae chini ya 5 kwa wiki mbili ndio ufungue. Na ukifungua kitu kimoja ngoja wiki mbili tatu kabla ya kingine, maana anayeambukizwa leo hafiki wodini kesho. Kenya tulifungua njia za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa 7 Julai, kufika 27 Julai wagonjwa wamepanda, pombe ikapigwa marufuku kwenye mahoteli na yakaambiwa yafunge saa moja jioni.

kijana_kkoo:
Mi niko Dar. Sisi hatukufungiwa ndani kabisa, vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni 2020 na shule zingine 29 Juni, mama ntilie akaendelea kupika na machinga akauza. Mtu anayekula alichopata leo ukimfungia wiki mbili umemuua kwa njaa, na asilimia yako hiyo haimsaidii dada yangu.

nesi_wa_zamu:
Kaka hapo kwenye njaa nakuunga mkono kabisa, kumfungia mtu bila kumpa unga ni ukatili. Ila kwenu takwimu zilisimama 29 Aprili 2020, zikakaa zaidi ya mwaka bila kutangazwa. Sasa mwalimu aliyerudi darasani Juni alijuaje mtaa wake uko salama? Kufungua mapema naweza kukubali, kufungua bila kuwaambia watu hali ilivyo sikubali.

mama_watatu_kla:
Naishi Kampala, acha niwaambie ya huku. Shule zilifungwa Machi 2020, madarasa machache yakarudi, Juni 2021 zikafungwa tena, na watoto wote wakarudi 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili jamani! Kuna wasichana walirudi na mimba na wengine hawakurudi kabisa, wavulana wakazoea pesa ya kibarua. Tuliambiwa tungoje walimu wachanjwe, sawa, lakini masoko yalikuwa wazi, na mtoto aliyekatazwa darasa ndiye huyo huyo anauza ndizi sokoni. Kwa hiyo mpwani niko na wewe, shule iwe na sharti lake peke yake, isifungwe kwa sababu ya kitu kingine.

abiria_likoni:
Wote mmesahau kafyu. Siku ya kwanza tu, 27 Machi 2020, watu walirushiwa vitoa machozi pale Likoni, Mombasa, wakingoja feri warudi makwao. Ukiwaambia watu wote wawe nyumbani saa moja umewasongamanisha saa kumi na mbili, feri moja, foleni moja, na ugonjwa wenyewe ni wa pumzi. Na matatu zikaambiwa zibebe asilimia 60, nauli ikapanda, sharti hilo likakaa hadi Agosti 2021, kafyu yenyewe hadi 20 Oktoba 2021. Mimi ningeanza kulegeza hapo, saa ya kafyu kuanza isogezwe hadi usiku zaidi ili watu wasafiri kwa kutawanyika, mikutano ya siasa ndio ikae imefungwa, maana ile wanasiasa walifanya wakati wowote.

mpwani_halisi:
Abiria umenifungua macho, hilo la kafyu kusongamanisha watu sikuwa nimelipima hivyo. Basi tuseme shule na saa za usafiri mbele, baa na mikutano nyuma, na asilimia itangazwe kabla ya kufunga ili kila mtu ajue mlango unafunguka lini. Sasa nani aamue? Hospitali zetu nyingi ziko chini ya kaunti lakini amri zote zilitoka Nairobi, na Mandera si Mombasa. Gavana apewe uwezo wa kufungua kwake mapema, ama itakuwa vurugu?

nesi_wa_zamu:
Apewe, ila awe na vipimo vyake mwenyewe vya kutosha. Kaunti inayotuma sampuli Nairobi na kungoja majibu siku kadhaa haiwezi kuamua chochote.