Naomba ushauri: barakoa ipi inazuia kweli vumbi la asbesto?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi paa, nipo Morogoro. Nimepata kazi ya kuezua nyumba ya zamani, paa lote la asbesto. Vipande vingine vimeshapasuka, ukipitisha kidole ukingoni unabaki na unga wa kijivu. Mwenye nyumba kaniletea boksi la zile barakoa za bluu za hospitali, eti "si zinatosha hizo?" Nimezikataa. Zile hazibani usoni, hewa inapita pembeni tu.

Nilichoelewa mpaka sasa: barakoa aina ya N95 inanasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini Marekani hairuhusiwi kwa kazi ya asbesto. Huko wanataka barakoa ya mpira yenye filta za P100, zinazonasa asilimia 99.97. Dukani nimekuta ya mpira, ila filta zake ni za mkaa, muuzaji anasema ni za wapiga rangi. Hizo si za harufu na mvuke tu jamani? Nyuzi za asbesto zilizomo kwenye vumbi zitanaswa na nini?

Halafu nina ndevu, na kijana wangu wa kazi anazo pia (anazipenda kuliko mshahara). Naambiwa zinaachia upenyo. Ni lazima tunyoe kabisa au kupunguza kunatosha?

Na filta zilizotumika mnazitupaje? Kumwagia paa maji na kutovunjavunja hayo nayajua. Kazi inaanza Jumatatu.