Naomba ushauri: viza ya matembezi Uingereza kwa mama yangu, muda umebana

Mwana_Muheza: Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Niko Leicester, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, vibali vyangu havina tatizo. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa kumi na moja, na tunataka mama aje amwone mjukuu, akae nasi mpaka arobaini ipite, kisha arudi zake Muheza. Naomba kujua maafisa wa viza wanaangalia nyaraka zipi zaidi, na kama barua yangu ya mwaliko lazima igongwe muhuri wa mwanasheria. Kuna wakala Dar ananiambia nisiwe na wasiwasi, ila usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

Bi_Mwanahamisi: Hongera mwanangu, Mungu amjalie mkeo ajifungue salama. Nina swali moja: mkeo hana mama? Mzazi wa kwanza hulelewa na mama yake. Mimi nilimlea mkwe wangu Tabata, nyumba ina vyumba vinne, na bado tulinuniana kwa sababu ya maji ya kuogea mtoto. Sembuse huko mliko, jikoni mnapishana kwa ubavu.

Mwana_Muheza: Mama mkwe miguu inamsumbua, hawezi safari ndefu. Na mke wangu mwenyewe ndiye anayemtaka mama.

Tai_wa_Mbezi: Mkuu, jaza DS-160 mtandaoni, lipia dola 185, chukua tarehe ya mahojiano ubalozini Msasani. Siku hiyo mama ajibu kwa kifupi, asijieleze sana. Mimi nilipita kwa maswali matatu tu.

Kiroboto_Mjini: Tai, hiyo ni Marekani. Mwenzio kasema Leicester.

Stempu_Mbili: Mwana_Muheza, barua haihitaji muhuri wa mwanasheria. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha mama anakwenda kituo cha maombi Dar kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya wiki tatu. Viza ya matembezi inamruhusu kukaa hadi miezi sita, na nyie mnataka pungufu ya hapo, jambo zuri. Afisa anataka kujua nani analipa, na kitu gani kitamrudisha mama nyumbani. Sasa nijibu: mama ana shughuli gani? Pesa zake zinapita wapi? Amewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote?

Mwana_Muheza: Anauza vitenge sokoni na ana shamba la michungwa. Pesa nyingi zinapita kwenye simu, benki kidogo. Na kuhusu tiketi, nikate kabla ya viza au baada?

Mzee_Kijana: Vijana mna haraka ya kuwahamisha wazee. Huyo mama ana soko lake, ana majirani zake, mnamleta kwenye baridi ya Novemba akae ndani anatazama dirisha. Mtoto akifikisha miezi minne pandeni ndege nyie, mkamwonyeshe na makaburi ya babu zake.

Dada_Zuhura: Mzee Kijana ana hoja. Mama yangu alikuja Birmingham mwezi wa kwanza, presha ikapanda. Chumba cha dharura hawakututoza, lakini alipolazwa wodini bili ikaja, maana mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama yenyewe. Bima si sharti la viza, ila mkatieni tafadhali. Sisi tulikopa.

Stempu_Mbili: Tiketi ni baada ya viza. Mkuu, swali langu la tatu umeliruka.

Mwana_Muheza: Sawa. Aliomba mwaka jana, tulitaka aje kwenye ndoa yetu, akanyimwa. Wakala anasema pasipoti ile iripotiwe kwamba imepotea, Uhamiaji watoe mpya, na kwenye fomu tujaze kwamba hajawahi kunyimwa. Ripoti ya polisi imeshatoka na nusu ya malipo ya wakala nimeshatuma. Najua mtanisema. Lakini watu wengi wamepita njia hiyo na leo wanakuja na kurudi. Mama yangu si mhalifu, anataka kumbeba mjukuu tu.

Stempu_Mbili: Simama hapo hapo. Pasipoti inabadilika, vidole havibadiliki. Alitoa vidole mwaka jana, akivitoa tena jina na jibu la mwanzo vinajitokeza. Kunyimwa si kosa, anaruhusiwa kuomba upya hata kesho. Rufaa hakuna kwenye viza hii, ila kuomba tena kupo. Kudanganya kwenye fomu ndiko kunakoweza kumfungia maombi yake kwa miaka 10. Huyo mjukuu atakuwa darasa la nne. Barua ya kumnyima ilisema nini hasa?

Mwana_Muheza: Kwamba akaunti yake iliingia milioni tisa kwa mkupuo bila maelezo, na kwamba uhusiano wetu haukuthibitika. Ile pesa nilituma mimi, ni jasho langu! Nilitaka waone ana uwezo.

Kiroboto_Mjini: Haukuthibitika vipi na cheti cha kuzaliwa kina jina la mama? Wakuu, nimepekua nyuzi za huyu bwana. Mwaka juzi alileta uzi wa mirathi ya MAREHEMU mama yake, wajomba wanataka kuuza shamba la Muheza. Leo mama yuko hai na anasubiri ndege. Hii chai, tena ya maziwa.

Tai_wa_Mbezi: Duh. Nami nilishaandika maelezo marefu.

Mzee_Kijana: Kumfufua mzazi kwa ajili ya kuchangamsha baraza ni laana, kijana.

Mwana_Muheza: Naomba mniheshimu. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa darasa la tatu. Mirathi haikufunguliwa miaka yote hiyo mpaka wajomba walipoleta mnunuzi. Huyu ninayemzungumzia ni mdogo wake. Ndiye aliyenichukua, akanilea, akauza cherehani yake nikaenda sekondari. Sina mama mwingine. Kwenye fomu nilimwandika mama mzazi kwa sababu niliambiwa mama mdogo hawamhesabu, na ningeandika vingine asingepewa hata nafasi ya kusikilizwa. Mnaoita chai, nipeni njia iliyokuwa bora.

Bi_Mwanahamisi: Pole baba. Mama wa kulea ni mama. Kiroboto, mtu akieleza shida msikilize mpaka mwisho kabla hujamvua nguo.

Kiroboto_Mjini: Mimi nilisoma kilichoandikwa. Angesema tangu mwanzo, nisingepekua.

Stempu_Mbili: Mkuu, aliyekwambia mama mdogo hahesabiwi alikupoteza. Mgeni wa matembezi anaweza kugharamiwa na mtu yeyote mwenye uhusiano naye wa kweli, mradi huyo mtu ana uwezo na yupo kihalali. Hakuna sharti la awe amekuzaa. Mwandike alivyo. Weka cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha marehemu, kiapo cha huyu mama kwamba alikulea, na karatasi za shule alizosaini kama mlezi. Chapisha miamala ya simu ya miaka yote uliyomtumia, hiyo ndiyo inayosema zaidi kuliko milioni tisa za siku moja. Gharama beba wewe: hati zako za mshahara na taarifa zako za benki. Yeye aonyeshe leseni ya biashara, karatasi za shamba, na mauzo ya machungwa ya msimu. Cha Kiswahili chote kitafsiriwe Kiingereza. Kuhusu mtoto, anaruhusiwa kuja kuwaona na kuwasaidia kifamilia. Asiletwe awe yaya ili mkeo arudi kazini. Na ile ripoti ya polisi ifuteni, pasipoti haijapotea.

Mwana_Muheza: Pasipoti anayo wakala. Na nikiandika sasa kwamba ni mama mdogo, si ndiyo watasema mwaka jana tulidanganya? Naona ya wakala ina hatari, na hii nayo ina hatari.

Stempu_Mbili: Watauliza, ndiyo. Wanaweza hata kukataa, sikuahidi viza. Lakini fomu zote mbili zitakuwa mbele ya afisa, basi akute barua yako inayoeleza kwa nini uliandika vile, kabla hajajitungia sababu yake. Kwa historia hii, kabla ya kutuma chochote mlipe mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa huko uliko aisome.

Dada_Zuhura: Dai pasipoti kwanza. Hela utaidai baadaye, hata isiporudi.

Mwana_Muheza: Niko zamu ya usiku. Nitampigia mama alfajiri kabla hajaenda sokoni. Stempu_Mbili, hicho kiapo anaapa yeye au naapa mimi?

Stempu_Mbili: Yeye, mbele ya wakili hapo Muheza au Tanga mjini. Wewe andika barua yako mwenyewe, na majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti.