Mimba wiki ya 8: FEFO, foliki ya miligramu 5, multivitamini na maini. Kipi kiendelee, kipi kiachwe?

Baba_Mtarajiwa
Wakuu habarini. Mke wangu ana mimba ya kwanza, wiki ya 8 kwa hesabu ya hedhi ya mwisho. Damu (himoglobini) 11.4, hana kisukari wala kifafa. Anatumia FEFO za kliniki (vidonge vya chuma na foliki), foliki asidi ya miligramu 5 ya duka la dawa, multivitamini ya kopo na mafuta ya samaki. FEFO anameza asubuhi na chai ya maziwa, haipiti muda anatapika. Dada zake wanampikia maini kila siku "damu ipande", na ameanza kutafuna pemba (udongo). Naomba mwongozo.

Mfamasia_wa_Zamu
Mkuu, tuanze na foliki. Mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga, yaani kama wiki ya 6 kwa hesabu yenu. Ndiyo maana inatakiwa ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba. Kwenu hatua hiyo imeshapita, ila foliki haiachwi, kwani bado inahitajika kutengeneza damu.

Dozi ya kawaida ni miligramu 0.4 kwa siku. Hicho kidonge cha 5 ni zaidi ya mara 12 yake. Ni cha aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, au mwenye selimundu, na wote hao wanaandikiwa na daktari. Geuza pakiti ya FEFO usome: ikiwa na foliki 0.4, hicho cha 5 hakina kazi kwake. Zipo FEFO zenye 0.25 tu, ukikuta hivyo, waulize kliniki.

Kuna jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani. Kuanzia wiki ya 13 atapewa SP ya kuzuia malaria. SP inafanya kazi kwa kumzuia kimelea asitengeneze foliki yake, na foliki ya 5 kila siku inaipunguzia SP nguvu. Ile ya 0.4 haina shida. (Anayetumia antibiotiki ya septrini hapewi SP kabisa, hilo walijue kliniki.)

Mkunga_wa_Zamani
Kuhusu kutapika: asubuhi ndipo kichefuchefu kinapowakamata wengi, na chuma juu ya tumbo tupu inakichochea. Halafu chai na maziwa vyote vinaizuia chuma isifyonzwe, kwa hiyo hata siku asiyotapika anapata kidogo tu. FEFO ahamishie usiku kabla ya kulala, baada ya kula kidogo, ameze kwa maji na chungwa au pera. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kiungulia vikae mbali nayo saa mbili hivi.

Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Kikiwa kigumu, aongeze maji, papai bivu na mboga. Ikishindikana hata usiku, asiache kimyakimya. Aseme kliniki wambadilishie aina yenye chuma pungufu. Ferasi salfeti (chuma ya kwenye FEFO nyingi) ya miligramu 200 ina chuma halisi kama 65, na mwongozo wa WHO ni 30 hadi 60 kwa siku, kwa hiyo kushuka kidogo kunawezekana.

Kabla hajanyanyuka kitandani ale kitu kikavu, kipande cha mkate au kiazi kitamu kilichochemshwa, kisha kidogokidogo kila saa mbili. Tangawizi mbichi vipande vichache kwenye maji moto inasaidia. Akishindwa kubakiza hata maji siku nzima, mkojo ukawa mzito, au uzito ukashuka zaidi ya asilimia 5 (kilo 3 kwa mwenye kilo 60), ni hospitali siku hiyohiyo.

Lishe_Kwanza
Maini kila siku, hapana, waambieni shemeji zako. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina retinoli (vitamini A ya wanyama) karibu mikrogramu 5,000, na kikomo kwa mjamzito ni 3,000 kwa siku. Ikizidi katika wiki hizi za viungo kuumbika inaweza kumdhuru mtoto. Uingereza wanawaambia wajawazito wasile maini kabisa. Vitamini A ya karoti, matembele na maboga haina hatari hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo kagua kopo: retinoli ni kiasi gani, na chuma ukijumlisha na ya FEFO inafika ngapi? Kama anakula vizuri, FEFO inatosha, kopo lipumzike. Na hayo mafuta, ni ya samaki au ya ini la samaki? Ya ini yana retinoli, yaache.

Baba_Mtarajiwa
Asanteni. Sasa maini yakipungua damu itatoka wapi? Wananishauri juisi nyekundu.

Lishe_Kwanza
Rangi haiongezi damu, mkuu! Nyama nyekundu, dagaa, maharage na choroko ndivyo vyenye kazi. Maharage yaloweke usiku kucha, maji umwage, ndipo upike. Mchicha una chuma lakini mwili unaipata kwa shida, kwa hiyo kamulia ndimu ukishaepua. Ukiikamulia jikoni moto unaharibu vitamini C. Chakula cha "watu wawili" hakihitajiki miezi mitatu ya kwanza. Maziwa yachemshwe, mtindi wa maziwa mabichi asiguse, na nyama choma iive hadi ndani.

Mkunga_wa_Zamani
Pemba aache. Inashika chuma tumboni, inaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo. Hamu hiyo mara nyingi ni ishara kwamba akiba ya chuma ni ndogo hata kama damu inasoma 11.4 (upungufu wa damu miezi mitatu ya kwanza ni chini ya 11). Aseme kliniki. Dawa ya minyoo msinunue sasa, hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Baba_Mtarajiwa
Akisahau kidonge siku moja?

Mfamasia_wa_Zamu
Kesho ameze kimoja kama kawaida, asirudishie viwili. Na pakiti muiweke juu. Mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya chuma anaweza kufa, na vile vyekundu anaviona pipi.