Mjadala: Je, wenyeji waulizwe kabla mitambo ya kutungua makombora haijawekwa kwao?

Wapo wanaosema kombora la Korea Kaskazini huifikia Japani kwa dakika kama kumi, hivyo kuwauliza wanavijiji mtambo ukae wapi ni kupoteza muda. Napinga. Kombora halisubiri mtu, kweli, lakini kituo cha kulitungua hupangwa kwa miaka, na nafasi ya kuuliza ipo.

Tazameni Japani yenyewe. Desemba 2017 serikali iliidhinisha mitambo miwili ya Aegis Ashore, yaani mitambo ya nchi kavu yenye rada na roketi za kutungua makombora, ikapendekeza kuiweka katika mikoa ya Akita na Yamaguchi. Watu wa Yamaguchi wakataka kujua: roketi ya kutungulia ikiruka, kile kipande cha chini kinachoisukuma mwanzoni kitaangukia wapi? Wakaambiwa kitaangukia ndani ya eneo la mazoezi la jeshi. Huko Akita, mwaka 2019, ikabainika kwamba vipimo vya milima inayoweza kuziba rada, vilivyotumika kuyakataa maeneo mengine, vilikosewa, tena vilichukuliwa Google Earth, ramani ya mtandaoni! Juni 2020 Waziri wa Ulinzi, Taro Kono, akausimamisha mpango, kwa kuwa bila kuiunda upya roketi hakuna aliyeweza kuwahakikishia watu mahali kipande kile kitakapoanguka. Swali la wanavijiji ndilo lililokuwa swali la kijeshi lenyewe.

Korea Kusini nako, Julai 2016, wilaya ya Seongju ilitangaziwa mtambo wa THAAD, mtambo wa Kimarekani wa kutungua makombora. Waziri Mkuu Hwang Kyo-ahn alipokwenda kuwatuliza watu, alirushiwa mayai. Septemba mahali pakabadilishwa, ukachaguliwa uwanja wa gofu ulio mbali zaidi na mji. Kumbe mahali pengine palikuwepo tangu mwanzo.

Sidai kijiji kipewe kura ya turufu. Idadi ya makombora, masafa ya mawimbi ya rada, zamu za askari, hizo zibaki siri. Ila rada itaelekea wapi, vipande vitaanguka wapi, nyumba zikae umbali gani, hayo ni haki ya anayelala pale na wanawe. Na kituo cha kudumu kilichojengwa kwa zege huonekana kwa setilaiti. Adui atakijua tu. Anayefichwa ni jirani.

Wenye msimamo tofauti, nijibuni hili: Japani ingepoteza nini kijeshi kama swali la kile kipande lingejibiwa kwa vipimo vya kweli kabla ya mkataba wa kununua mitambo kusainiwa?