Kurusha video nzito kutoka laptopu ya Linux kwenda simu kwa waifai, nimekwama kwenye spidi

mpigapicha_moro

Wakuu habari za saa hizi. Nina kistudio kidogo hapa Morogoro, napiga picha na video za harusi, send-off na kitchen party, kazi zote nahariri kwenye laptopu yenye Ubuntu, RAM GB 4, nimeizoea na sihami. Shida yangu ni kumkabidhi mteja kazi yake. Zamani ilikuwa flashi, siku hizi mteja hana hata kompyuta, anataka video iingie kwenye simu hapo hapo akiwa amekaa kwenye benchi. Harusi moja inafika GB 6.2. Waya wanazokuja nazo nyingi ni za kuchajia tu hazipitishi data, na hata ukipata inayopitisha faili likifika katikati linaganda unachomoa unaanza upya. Bluututhi hata sijaribu.

Basi nikaamua kuandika kitu changu mwenyewe kwa lugha ya Python, skripti ndogo tu, inafungua soketi (mlango wa kupitishia data kwenye mtandao) simu inaingia kwa brauza inashusha. Inafanya kazi ila spidi ni MB 2.5 kwa sekunde, yaani harusi moja dakika arobaini na kitu. Wiki iliyopita kuna mama katoka Mzumbe kuja kuchukua send-off ya binti yake, ikafika asilimia 91 waifai ya simu ikakatika, ikabidi tuanze sifuri, mama wa watu akaondoka usiku. Iliniuma sana jamani.

Sasa naomba ushauri, niandike upya kwa lugha nyingine kama C au Rust? Au nihamie UDP, ile njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, maana nasikia ndiyo ina kasi? Sipendi zile programu za simu zenye matangazo, wateja wangu wanabonyeza vitu visivyo.

mzee_wa_antena

Kijana pole na hongera kwa kujali wateja. Lugha usiiguse kwanza. Laptopu na simu zote ziko kwenye waifai ya ruta moja, si ndiyo? Na ruta ni ya gigahezi 2.4?

Kama ndivyo, angalia kinachotokea hewani. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inatoka laptopu inaruka hadi kwenye ruta, halafu ruta inairusha tena kwenda simu, na yote yanapita chaneli ile ile kwa kupokezana maana hewani anaongea mmoja tu kwa wakati. Kwa hiyo kila baiti unailipia mara mbili. Simu ya antena moja kwenye 2.4 itakuandikia imeunganishwa kwa Mbps 72, kazi halisi inabaki arobaini na kidogo, gawa kwa mbili sababu ya ile safari mbili, gawa kwa nane upate megabaiti. Unaona inaangukia wapi? MB 2.5 yako hiyo hapo, Python haijakukosea kitu.

Usiniamini kwa mdomo, pima. Weka iperf3, programu ya kupima spidi ya mtandao, kwenye laptopu, endesha `iperf3 -s`, kwenye simu yako weka Termux (app ya kuandikia amri kama za Linux), iweke iperf3 na humo, halafu `iperf3 -c` na IP ya laptopu na `-R` mwishoni ili data itoke laptopu kwenda simu. Hiyo haigusi diski wala skripti yako, inapima hewa tupu. Ikikupa namba ile ile basi ujue hata ukiandika kwa lugha ya malaika spidi haitapanda.

UDP pia sikushauri. Kwenye waifai pakiti zinapotea, itabidi mwenyewe uandike namna ya kuzihesabu na kuzituma upya, mwisho wa siku umetengeneza TCP mbovu, yaani ile njia ya kawaida inayohakikisha kila pakiti imefika. Na brauza ya mteja haitaielewa soketi yako ya UDP.

mpigapicha_moro

Mzee wangu shikamoo. Nimepima mara tatu, iperf3 inanipa Mbps 21 mpaka 22. Yaani ni ile ile kabisa! Usiku mzima nilikuwa nabadilisha saizi ya bafa ya soketi (nafasi data inaposubiri kutumwa) kwenye skripti kumbe nahangaika na kitu ambacho hakina kosa. Sasa nifanyeje, nitumie laptopu kama hotspoti?

dada_wa_seva

Hotspoti ya laptopu inakubali, `nmcli device wifi hotspot` inatosha na safari inakuwa moja, lakini kadi nyingi za Intel kwenye Linux zinakataa kurusha hotspoti kwenye gigahezi 5, zinakubali 2.4 peke yake, ni mambo ya sheria za masafa yamefungwa ndani ya kadi kwenyewe. Wewe uko studio, hauhami, tafuta ruta iliyotumika yenye gigahezi 5, chomeka laptopu kwa waya wa LAN, hewani abaki mteja peke yake. Hakuna haja ya intaneti wala bando.

Kitu kingine kaka, hebu tuwekee hapa ile sehemu inayosoma faili, nina wasiwasi nayo.

mpigapicha_moro

Ni `data = f.read()` halafu `sendall(data)`.

dada_wa_seva

Nilijua. Hapo unavuta GB 6.2 zote kwenye RAM ya GB 4 kabla hujatuma hata baiti moja, laptopu inaanza kuswopu (kutumia diski badala ya RAM) ndiyo maana nina hakika feni inalia na mteja anasubiri ukurasa ambao haufunguki. Python ina `socket.sendfile()`, tumia hiyo, kerneli (kiini cha Linux) inatoa faili kwenye diski inalipeleka kwenye soketi bila kulipitisha mikononi mwa skripti yako.

Lakini la yule mama wa Mzumbe halitibiwi na hilo. Pale ulihitaji Range, yaani uwezo wa seva kutoa faili kuanzia katikati. Brauza ikikatika ikarudi inauliza "nipe kuanzia baiti ya kadhaa", seva inayojua inajibu 206 (namba ya kusema "hiki ni kipande") inaendelea pale pale, isiyojua inaanza mwanzo. Ile seva ndogo inayokuja na Python, `python3 -m http.server`, haijui, na yako nayo ni hivyo hivyo. Ningekuwa wewe kazi ya kutoa faili ningemwachia nginx (programu ya seva ya wavuti), Range anayo tayari na sendfile anayo, skripti yako ibaki kutengeneza linki tu. Na hiyo linki naomba sana iwe na herufi za kubahatisha, ndefu, kila mteja yake, ukiweka `/harusi1` `/harusi2` mtu aliyekaa kwenye benchi anabadilisha namba moja anaangalia familia ya watu wengine. Watu wamekuamini na sherehe zao.

kebo_nane

Naongezea hapo kwenye kuunganisha, usimsomeshe mteja nenosiri. Tengeneza msimbo wa QR wenye maandishi haya `WIFI:T:WPA;S:jina;P:nenosiri;;` bandika ukutani, simu za karibuni anaelekeza kamera anaingia, QR ya pili ndiyo linki ya video. Simu itasema waifai haina intaneti, mwambie akubali kubaki na azime data kwa muda, la sivyo simu inarudi kwenye laini na linki haifunguki. Na video iingie kwenye memori ya simu yenyewe, kadi ya memori ya Class 10 (hilo ni daraja la spidi) imeahidiwa kuandika MB 10 tu kwa sekunde.

mpigapicha_moro

Mrejesho. Nimepata ruta iliyotumika ya gigahezi 5, nginx imekaa, Range inafanya kazi, nimezima waifai ya simu makusudi kwenye asilimia 60 nikairudisha ikaendelea pale pale. Ila spidi imegoma MB 11.4, haipandi hata nikiweka simu juu ya ruta.

kebo_nane

Hiyo namba naijua, ni waya. Andika `sudo ethtool` na jina la kadi yako ya LAN, soma Speed. Ikisema 100Mb/s basi ama mlango wa ruta ni wa mia, ama waya ina nyuzi nne tu zilizoshika. Gigabiti inataka nyuzi zote nane.

mpigapicha_moro

Ilisema 100. Nimeiangalia ile plagi kwenye mwanga, nyuzi ya kahawia haijafika mwisho kabisa, niliibana mwenyewe mwaka juzi. Nimenunua waya nyingine, sasa Speed ni 1000 na simu yangu inashusha MB 28 kwa sekunde. Harusi ya GB 6.2 haijafika dakika nne!! Asanteni sana, mzee, dada, na wewe kebo. Nimempigia yule mama, kasema binti yake anakuja Jumamosi na simu mbili. Nikimaliza nataka na upande wa pili, wageni waturushie picha walizopiga wao, kuna mtu ameshapokea faili kubwa kwa nginx?

dada_wa_seva

Kupokea usijisumbue kuandika, weka LocalSend (programu ya kutumiana faili kwa waifai) kwenye laptopu, haina matangazo, fungua portu 53317 ya TCP na UDP kwenye ufw (kizuizi cha mtandao cha Ubuntu) maana hapo ndipo wengi wanakwama simu haioni laptopu. Ila wageni nao lazima waiweke kwenye simu zao. Wakigoma rudi hapa tukuandikie fomu ya kupakia.