Acheni kutuuzia kioo kwa bei ya hologramu!

#1

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, na mods naomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Kila tangazo la tamasha, kila uzinduzi wa bidhaa, kila duka lenye feni ya taa dirishani: "hologramu", "hologramu ya 3D", siku hizi hadi "hologramu ya AI". Hakuna hata moja iliyo hologramu. Ni kioo, ni skrini, ni feni. Na mashabiki wa sai-fai (filamu na hadithi za kubuni za kisayansi) tuna kesi ya kujibu, maana neno tumewapa sisi. Tangu filamu ya Star Wars ya 1977, roboti ilipomwaga hewani picha ya binti mfalme, ya buluu, inatetema kama televisheni yenye antena mbovu, tukakubali kwamba hologramu ndiyo hiyo. Filamu kazi yake ni kubuni, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na anayechukua ubunifu ule akaugeuza kuwa kiingilio cha VIP.

Hologramu yenyewe si projekta. Aliyeibuni ni Dennis Gabor, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, mwaka 1947, akihangaika kuboresha hadubini ya elektroni. Nobel ya fizikia alipewa 1971, na hapo katikati ilibidi kwanza leza ipatikane, 1960. Picha ya kawaida hunasa kiasi cha mwanga tu. Hologramu hunasa pia wimbi lenyewe la mwanga lilifika likiwa katika hatua gani: mwanga uliogonga kitu unakutanishwa na mwanga uliotoka moja kwa moja kwenye leza, na mahali miale hiyo inapokutana bamba la kupigia picha linabaki na mistari ambayo nafasi kati yake haifiki mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita). Limulike bamba hilo kwa pembe ileile, mistari inaupinda mwanga utoke kana kwamba kitu bado kipo pale nyuma. Ukisogeza kichwa unaona ubavu wake. Ukilivunja bamba vipande viwili, kila kipande bado kinaonyesha kitu kizima, isipokuwa sasa unachungulia kupitia tundu dogo zaidi.

Na wengi wenu mmewahi kuwa nayo mfukoni. Yule njiwa anayemeremeta kwenye kadi za zamani za Visa ni hologramu halali kabisa. Hakuna aliyewahi kumlipia kiingilio.

Sasa hiki cha jukwaani. Desemba 1862, Royal Polytechnic ya London, Profesa John Henry Pepper alionyesha mzimu jukwaani kwa kutumia wazo la mhandisi Henry Dircks. Kioo kikubwa kinainamishwa mbele ya jukwaa, mwigizaji anafichwa shimoni na kumulikwa taa kali, watazamaji wanaona mwakisiko wake ukielea katikati ya waigizaji wengine. Basi, ndiyo hiyo. Ni kilekile unachokiona ukisafiri usiku ndani ya basi taa za ndani zikiwashwa: uso wako unaelea nje, juu ya mashamba ya watu. "Hologramu" ya marehemu Tupac, yule rapa, pale Coachella, tamasha la muziki la Marekani, Aprili 2012, ilikuwa mzimu wa Pepper wenye kompyuta nyuma yake. Badala ya kioo kuna plastiki nyembamba iliyovutwa ikakaza, badala ya mwigizaji shimoni kuna picha iliyotengenezwa. Miaka 150 imepita, kilichobadilika ni tangazo.

ABBA Voyage ya London, onyesho la bendi ya ABBA lililofunguliwa Mei 2022, hata mzimu si mzimu. Ni skrini bapa ya LED yenye pikseli (nukta za picha) milioni 65, na taa za ukumbini zimepangwa kwa ustadi zilingane na taa za ndani ya picha kiasi kwamba jicho linashindwa kuona skrini inapoishia. Kazi nzuri sana, naivulia kofia. Lakini ni skrini! CNN nao usiku wa uchaguzi wa Marekani 2008 walimleta mwandishi wao studioni "kwa hologramu", kamera 35 zikiwa zimemzunguka huko alikokuwa. Mtangazaji aliyekuwa akizungumza naye hakuwa na mtu mbele yake. Picha iliunganishwa kwenye matangazo, tukaiona sisi wa nyumbani tu.

Kwa nini hakuna projekta ya kumwaga mtu hewani? Kwa sababu mwanga hauna breki. Ukitoka kwenye projekta unakwenda mbele moja kwa moja mpaka ugonge kitu, na usipogonga kitu hauingii kwenye jicho lako. Kwa hiyo jicho, picha na kile kitu kinachotoa au kupinda mwanga lazima vikae kwenye mstari mmoja. Ukiona picha inaelea, fuata mstari kutoka jichoni kupitia kwenye picha: mbele au nyuma yake kuna kioo, plastiki, ukungu, maji, au feni. Roboti ya 1977 inarusha mwanga kutoka pembeni na watu wanaiona picha kutoka pande zote, nyuma yake hakuna kitu. Haiwezekani, na bajeti haitalitatua hilo.

Kuna njia moja ya kukwepa: weka kitu hewani. Mwaka 2018 watafiti wa Brigham Young University walishika chembe moja ya selulosi kwa leza, wakaizungusha haraka huku wakiimulika kwa rangi, ikachora picha inayoonekana kutoka pande zote. Ukubwa wake ni wa kidole, na upepo ukipita chembe imekwenda. Hata hiyo si hologramu, ni picha ya ujazo. Mtu anayekwambia anacho kitu kama hicho chenye kimo cha mtu, uwanja wa wazi, saa tisa alasiri, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Basi si tutumie skrini yenye mistari ya hologramu inayobadilika?" Haya, tupige hesabu. Pikseli ya simu nzuri ina upana wa mikroni kama 60. Kwa mwanga mwekundu wa leza, vipande vya upana huo vinaupinda mwanga kwa nyuzi 0.3 tu kila upande, yaani ukitikisa kichwa picha imepotea. Shusha upana hadi nusu mikroni, unapata karibu nyuzi 39 kila upande, hapo mtu anaweza kuangalia kistaarabu. Lakini kipande cha sentimita 10 kwa 10 kitahitaji vipande 200,000 kwa 200,000, yaani bilioni 40. Televisheni ya 4K ina pikseli milioni 8.3. Ni televisheni kama 4,800 zimebanwa kwenye kitu cha ukubwa wa kiganja, na zote zibadilike mara 60 kwa sekunde. Halafu mtu anakuandikia kwenye bango "hologramu mubashara" na nyuma ya jukwaa ana kompyuta mpakato moja.

Ukiingia ukumbini, usibishane na mtu, angalia tu. Sogea pembeni kabisa: mzimu wa Pepper unakatika pale plastiki inapoishia, na msanii anabaki bapa kama kadibodi. Tazama sakafu ya mbele, mara nyingi kuna shimo au skrini iliyolala. Ukumbi una giza kupita kiasi? Kioo cha kawaida kilichoinamishwa nyuzi 45 kinaakisi kama asilimia 10 tu ya mwanga, iliyobaki inapita, kwa hiyo wanalazimika kuzima taa zote. Na AC ikipuliza plastiki, "marehemu" anajikunja tumbo. Wale wacheza shoo hai waliosimama nyuma ya plastiki utaona wanamulikwa kutoka ubavuni, kamwe si kutoka mbele, maana taa ya mbele ingeigonga plastiki na siri ingekuwa hadharani.

Andikeni "onyesho la mwakisiko". Andikeni "skrini ya LED". Tutakuja tu. Nawasilisha.

#2

Mkuu umemaliza. Niongezee upande wa wale wanaouza "piramidi ya hologramu" ya kuweka juu ya simu, maana huko watu wanapigwa kweupe. Ni vipande vinne vya plastiki angavu. Kata mwenyewe kutoka kwenye kava la CD: kila kipande upande mfupi sentimita 1, upande mrefu 6, kimo 3.5. Unganisha kwa super glue, upande mfupi ukae chini kwenye simu, cheza video yenye picha nne zinazotazamana, zima taa.

Kimo cha 3.5 usikiguse. Ndicho kinachofanya kuta zilale karibu nyuzi 45. Ukikata 4 ukidhani unaongeza ukubwa, ukuta unasimama nyuzi 51 na picha inalala kwa mara mbili ya kosa lako, nyuzi 12 hivi, inaonekana imelewa. Ukitaka kubwa, zidisha vyote kwa pamoja: 2, 12, 7 kwa tableti.

Malalamiko ya "picha inatoka mbilimbili" yanatokana na unene. Plastiki ina nyuso mbili na zote zinaakisi. Kava la CD lina milimita 1.2 hivi, kwa hiyo picha ya pili inajitenga karibu milimita 0.9. Kioo cha dirisha cha milimita 6 kitakupa tofauti ya milimita 4.5, hiyo haivumiliki. Ndiyo sababu majukwaani wanatumia plastiki nyembamba. Super glue nayo weka kidogo sana, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

#3

Mimi naona mnahangaika bure. Neno limeshahama. Watu wakisema hologramu wanamaanisha picha inayoelea, kila mtu anaelewa. Mbona "roketi" tunaiita hata fataki? Hizo feni za LED zinavutia wateja dukani, shida iko wapi?

#4 (mwenye uzi)

Shida ni bei, mkuu. Fataki haiuzwi kwa bei ya chombo cha kwenda mwezini.

Na kwa kuwa umeitaja feni: ni ukanda wa taa unaozunguka, jicho linaunganisha. Yenye panga mbili ikizunguka mara 700 kwa dakika inachora upya kila nukta mara 23 kwa sekunde. Picha yake ni bapa, isimamie ubavuni uone, utaona mstari tu. "3D" yote iko ndani ya video, na usuli wa video lazima uwe mweusi kabisa. Ukiweka kijivu hata kidogo sahani nzima inawaka na uchawi unaisha. Wateja wanaolalamika kwamba "ni mbovu, kwenye simu inaonekana vipande vipande" hawajauziwa mbovu. Kamera ikipiga kwa 1/500 ya sekunde panga limetembea nyuzi 8 tu, ndicho kipande kilichonaswa. Shusha hadi 1/25 itakaribia kujaa. Muuzaji hakuyasema hayo kwa sababu angeanza kuyasema ungegundua umenunua panga boi lenye taa. Na likae ndani ya kava la akriliki, tafadhali. Haionekani ikizunguka, ndiyo sifa yake, na mtoto akinyoosha mkono kumshika samaki anayeelea atakutana na panga.

#5

Kwa wanaotaka hologramu ya kweli badala ya kugombana: inawezekana mezani. Njia ya Denisyuk, Mrusi aliyeionyesha 1962, ndiyo rahisi, na picha yake inaonekana kwa mwanga mweupe wa kawaida.

Unahitaji leza nyekundu ya diodi ya miliwati 5 iliyoondolewa lenzi, ili mwanga utanuke wenyewe, na bamba la fotopolima (plastiki inayonasa mwanga), aina isiyohitaji kuoshwa kwa kemikali. Kitu cha kupiga kiwe kigumu na cheupe au cha kung'aa: sarafu, kombe la baharini. Jani, kitambaa, mdoli wa manyoya, sahau. Leza iwashe dakika 10 kabla, ikipoa na kupata moto urefu wa wimbi unarukaruka. Iweke sentimita 35 hivi kutoka kwenye kitu, izibe kwa kadi, chumba kikiwa giza. Egemeza bamba moja kwa moja juu ya kitu, liguse. Kisha toa mikono, subiri sekunde 20 mtetemo uishe, inua kadi bila kugusa meza, acha kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ya bamba, ziba tena.

Wengi wanafeli kwenye mtetemo. Kitu kikisogea hata nanomita 60 au 70 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), moja ya kumi ya wimbi la mwanga, mistari inafutika. Kwa hiyo zima panga boi, chomoa friji, usiongee, usitembee, na kama nyumba iko kando ya barabara ya malori fanya saa nane usiku. Meza iweke juu ya tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo nusu.

Ikitoka bamba tupu, kitu au bamba limecheza. Ikitoka picha yenye mkanda mweusi katikati, upande mmoja tu ndio uliocheza, kwa kawaida bamba halikukaa sawa, libane kwa udongo wa kuchezea wa watoto halafu subiri dakika tano zaidi kabla ya kupiga, maana udongo nao unaendelea kujishusha taratibu. Ikitoka hafifu lakini kamili, umeondoa kadi kwa muda mfupi au kitu ni cheusi mno. Kuiangalia tumia tochi yenye balbu moja au jua. Chini ya taa ndefu ya tyubu itaonekana kama uchafu tu, usiitupe.